Saa Isiyo na Kioo

Mama yangu alianza kuficha mikono yake mwaka ule tulipohamishiwa kando ya barabara. Kabla ya hapo tuliishi huko ndani, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Ihanja, katika nyumba ya tembe aliyotuachia marehemu baba, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuchunguza mikono ya mwanamke mwenzake. Kila mmoja alikuwa na jiwe lake la kusagia na uwele wake. Kijiji cha ujamaa kilituweka mlango kwa mlango. Nyumba mpya zilipofikia kukandikwa, wanawake walikwenda kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Siku ya nyumba yetu mama alisimama pembeni amejifunika khanga mpaka kwenye kucha, akiwatazama wenzake wakimpigia udongo ukutani. Walidhani anajivuna kwa kuwa binti yake anafanya kazi hospitali. Aliwaacha wadhani hivyo.

Binti mwenyewe ni mimi. Nilikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali ya misheni, safari ya nusu siku kwa lori kutoka kijijini, ikiwa lori halikuharibika. Nilikuwa mwepesi wa hasira, na mwepesi zaidi wa kujisifu. Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, meza, darubini, na saa ya mezani ya kengele ambayo kioo chake kilivunjika kabla sijaajiriwa. Mishale yake ilikuwa wazi, nzi walitua juu yake wapendavyo. Lakini ilishika majira vizuri, na mimi niliitunza kama mtu anavyotunza ng'ombe wa maziwa. Kila jioni niliilinganisha na redio ya nyumba ya wauguzi.

Nilikwenda nyumbani mwisho wa mwezi mmoja, nikamkuta mama anafunga kamba ya ndama kwa meno. Nikamwambia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba huku kamba ikiwa mdomoni, kisha akaiachia haraka kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Nilimwambia anionyeshe mikono. Akasema ni uchovu wa shamba la kijiji. Nikaivuta khanga. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba, vina joto, na alipojaribu kukunja ngumi vidole viligoma nusu ya njia. Akaniambia kwamba asubuhi huwa havikunjiki kabisa mpaka jua liingie mlangoni, na kwamba jiwe la kusagia lilikuwa limehamia kwa mama mdogo, dada yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilimgombeza. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia hivyo, mbele ya ndama. Leo naona aibu, lakini ndivyo nilivyokuwa. Hofu yangu ilitoka ikiwa ukali.

Nilimpeleka hospitali wiki ileile. Daktari wetu mkuu alikuwa Mzungu mzee aliyeishi Singida miaka mingi mpaka Kinyaturu chake kikawa kizuri kuliko Kiswahili chake. Alivibonyeza vidole vya mama kimoja kimoja, akamtazama machoni, akamweleza kwamba ni baridi yabisi, lakini si ile ya uzee wala ya kulowa mvua. Alisema mwili una walinzi wake, na walinzi wa mama walikuwa wamewageukia wenye nyumba.

"Kwani nimewakosea nini?" mama aliuliza.

"Hujawakosea. Wamekosea wao."

Kisha mama akauliza swali ambalo kila mgonjwa huuliza na kila daktari hulikwepa: mikono itafika wapi. Je, ataweza kusaga tena? Na kama hataweza kusaga, je, ataweza kujilisha?

Daktari hakulikwepa. Alisema kuna vipimo viwili vya damu. Kimoja hatukuwa nacho sisi, damu ingepelekwa na dereva kwenye hospitali kubwa, na hicho kingesema kama ugonjwa huu ni wa aina ile isiyokuwa na huruma na vidole. Cha pili tulikuwa nacho hapo hapo, na mtu wa kukipima ni binti yake. Hicho kingesema walinzi wamekasirika kiasi gani kwa sasa. Ukiviweka viwili pamoja, alisema, si utabiri wa mganga, lakini mtu anaweza kukisia njia inaelekea wapi.

Jibu la hospitali kubwa lilirudi baada ya wiki nyingi. Lilikuwa baya. Ugonjwa ulikuwa wa aina ile. Basi tukabaki na kipimo chetu.

Nikieleze, maana kila kitu kinakaa juu yake. Unachukua damu ya mgonjwa, unaichanganya na dawa ya kuizuia isigande, unaivuta kwa mdomo kwenye mrija mwembamba wa kioo wenye alama za milimita. Mrija unausimamisha wima kwenye kibao chake. Halafu unangoja saa moja kamili. Chembe nyekundu zinazama taratibu, juu yanabaki maji ya rangi ya njano. Baada ya saa moja unasoma damu imeshuka milimita ngapi. Ya mtu mzima wa afya hushuka kidogo tu. Ya mtu ambaye mwili wake unaungua ndani hukimbia chini. Ukisoma mapema unapata uongo, ukichelewa unapata uongo mwingine, na kibao kikiinama hata kidogo damu hushuka haraka kuliko haki yake. Mimi nilikuwa nikiona kibao kimeinama unene wa ukucha narudia kipimo chote. Wauguzi walinicheka kwa hilo. Nilikuwa nafurahi kuchekwa kwa jambo la namna hiyo.

Siku ya kwanza damu ya mama ilishuka milimita sitini na nane. Nilisoma mara tatu.

Sasa, katika siku hizohizo ilikuja barua. Nilikuwa nimepata nafasi ya chuo cha maabara Dar es Salaam, miaka mitatu, kwa watu waliokwisha kufanya kazi kama mimi. Nilikuwa nimeiomba nafasi hiyo mara mbili. Nilikuwa nimeiota. Daktari alinipa mkono, kisha akamkumbuka mama, akauachia mkono wangu pole pole. Tulizungumza kwa uwazi. Mama alikuwa amepewa aspirini nyingi kila siku, baada ya chakula. Daktari alisema tumpime mwezi huu, mwezi ujao na wa tatu. Damu ikiendelea kukimbia, basi dawa haijaushika ugonjwa, na kabla sijamaliza chuo mama atakuwa mtu wa kulishwa. Ikipungua mwendo, kuna matumaini, na mama mdogo anaweza kumwangalia. Hakuniambia niende au nibaki. Sharti nilijiwekea mwenyewe: mara ya tatu ikiwa chini ya thelathini, nakwenda.

Kosa langu lilikuwa kumwambia mama. Nilimwambia yote, na kwa maringo, maana nilipenda kueleza kazi yangu. Alipokuja mwezi wa pili nilimkalisha ndani ya maabara, kinyume cha sheria niliyoiandika mwenyewe mlangoni kwamba wagonjwa wangoje nje. Jua lilikuwa kali, na alikuwa mama yangu. Nikamwonyesha mrija, nikamwonyesha alama, nikamwambia thelathini iko hapa. Nikamwonyesha saa. "Mshale mrefu ukizunguka wote ukarudi juu, ndipo nasoma. Si kabla, si baada."

"Najua saa," alisema.

Kweli alijua. Kijijini kulikuwa na kisomo cha watu wazima, saa kumi jioni, ndani ya ghala. Mwalimu hakuwa na saa ya kufundishia, kwa hiyo alichora namba kwa mkaa juu ya ungo na kuweka vijiti viwili katikati. Mama hakuweza kushika kalamu. Wenzake walipoandika, yeye alikaa bure, na mwalimu, aliyekuwa kijana mwenye utu, akampa kazi ya kuzungusha vijiti ili wengine wasome. Alivisukuma kwa kifundo cha kidole. Wanawake walimwita mwenye majira. Alinisimulia hayo akicheka, na nilifurahi kwamba ana kitu cha kuchekea.

Mara ya pili ilikuwa sitini na moja. Mama alinitazama nikiandika. Alipoondoka alisema tu kwamba Dar es Salaam kuna joto, nisibebe sweta nyingi. Nilimjibu kwamba hakuna mtu aliyesema anakwenda Dar es Salaam.

Mara ya tatu alifika jana yake na kulala chumbani kwangu. Asubuhi nilimfunga khanga kifuani mwenyewe, kwa kuwa fundo lilimshinda, na tukaenda maabara. Siku hiyo mrija ulikuwa mmoja tu, wa kwake. Nilichukua damu, nikausimamisha mrija, nikaangalia kibao kutoka pande zote. Saa ilikuwa nne kamili. Nikamwacha amekaa kwenye benchi karibu na meza, nikaenda wodini kuchukua damu ya wagonjwa wanne.

Niliporudi mshale ulikuwa umebakiza dakika tano kufika tano kamili. Nilishangaa kwamba nimekawia wodini hivyo. Mama alikuwa amekaa vilevile, mikono ndani ya khanga, anatazama nje dirishani. Nikangoja zile dakika tano nikiwa nimeinama mbele ya mrija. Mshale ulipofika juu nikasoma. Ishirini na saba.

Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena. Nilimkumbatia mama mpaka akalalamika mabega. Nilikwenda mbio kwa daktari. Alisoma karatasi, akanyanyua nyusi, akasema aspirini imejitahidi kuliko alivyotegemea, akanitazama kidogo, kisha akasema hongera. Wagonjwa walikuwa wamejaa mlangoni kwake. Nikarudi maabara nikiimba.

Mchana kulikuwa na kisa kidogo. Hospitali yetu ilikula chakula kwa kengele, na kengele yenyewe ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa karibu na lango. Mlinzi aliipiga saa sita. Siku ile saa yangu ilifika sita, ikapita, ikafika sita na nusu, ndipo rimu ikalia. Nilikuwa na njaa na furaha, na mchanganyiko huo kwangu hugeuka kiburi. Nilikwenda langoni kumwuliza mlinzi kama alikuwa amelala.

Mzee yule hakukasirika. Alinionyesha mlingoti wa bendera na kivuli chake kifupi chini. "Mimi napiga kwa hiki, dada. Hakijanidanganya tangu nianze kazi."

"Saa ni saa," nilimwambia. "Kivuli ni kivuli."

"Haya," alisema.

Jioni nilibeba saa kwenda kwenye redio kama kawaida. Ilikuwa mbele kwa nusu saa. Nilisimama hapo nimeishika. Muuguzi mmoja aliniuliza kama imeharibika, nikamjibu kwamba imeanza uzee. Nikaurudisha mshale nyuma nusu saa kwa kidole changu, nikaiweka mahali pake maabara, nikafunga mlango. Sikurudia kipimo. Damu ya mama ilikuwa bado ipo kwenye chupa, na mama mwenyewe alikuwa chumbani kwangu ananikunjia nguo kwa viganja vya mikono. Mimi, niliyerudia vipimo vya watu kwa sababu kibao kimeinama unene wa ukucha, niliosha mrija nikaenda kulala.

Asubuhi yake mama alipita maabara kuniaga kabla ya lori. Alisimama mlangoni, akatazama ndani, akatazama sanduku langu lililokuwa tayari limefungwa kando ya meza, likingoja dereva. Akaniambia nifike salama, nisiandike barua ndefu kwa sababu mwalimu wa kisomo huzisoma kwa sauti.

Nilikaa Dar es Salaam miaka mitatu. Nilijifunza mengi, na mojawapo lilikuwa hili, ambalo mwalimu alilisema somo la kwanza la damu, akiwa hata hanitazami: damu inayokimbia haipungui mwendo kwa zaidi ya nusu ndani ya mwezi mmoja kwa aspirini tupu. Kama umeipata hivyo, tazama saa yako. Wenzangu waliandika. Mimi sikuandika, na mpaka leo naweza kukuonyesha mahali palipo wazi katika daftari lile. Barua za nyumbani zilisema mama hajambo. Mwandishi alikuwa mama mdogo, na maneno yalikuwa ya mama. Likizo mbili zilipita sikurudi. Nauli ilikuwa ngumu, ndivyo nilivyojiambia.

Niliporudi na cheti nilimkuta amekaa mlangoni juani. Vidole vyake vyote vilikuwa vimelala upande mmoja, kama mtama uliopigwa na upepo. Mama mdogo alikuwa anamlisha uji kwa kijiko, na yeye aliponiona akafunga mdomo, akageuza uso, hakutaka nimwone akilishwa. Nilisema shikamoo zote mbili, nikakipokea kijiko kwa mama mdogo, nikaendelea. Nilimlisha mpaka bakuli likaisha.

Wiki iliyofuata nilimpeleka hospitali. Daktari wa zamani alikuwa ameondoka, mwingine alitaka kumwanzishia dawa nyingine, na akataka kipimo cha kushuka kwanza. Maabara sasa ilikuwa chini yangu. Nilimkalisha mama kwenye benchi lilelile. Saa ya mezani ilikuwa imekwisha kufa, na mimi nilikuwa na saa ya mkononi niliyoinunua Kariakoo. Nikaivua, nikailaza mezani mbele ya mrija.

Mama aliinama kuitazama. Aliipapasa usoni kwa kifundo cha kidole, taratibu.

"Hii ina kioo," alisema.

Nilikaa chini. Hasira ilinijia kwanza, kama kawaida yangu, ya kwamba alinidanganya katika kazi yangu, ndani ya chumba changu, kwa mkono uleule ambao ulikuwa unadaiwa hauwezi kitu. Kisha ikapita, na chini yake pakabaki kile kitu nilichokuwa nimekikimbia miaka mitatu. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba jioni ile niliikuta saa iko mbele nusu saa, na nikairudisha, na sikupima tena. Nilimwambia damu ilikuwepo. Nilimwambia nilitaka kwenda.

"Najua," alisema mama.

"Unajua nini?"

"Asubuhi ile redio ya wauguzi ilitaja majira, na nilipokuja kukuaga nilitazama saa. Ulikuwa umeshaurudisha mshale." Aliitoa mikono ndani ya khanga, akailaza mapajani, wazi, jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele yangu kwa hiari tangu ugonjwa uanze. "Nilikesha usiku kucha nikiogopa kwamba ukigundua utabaki. Halafu nikaona umegundua, na sanduku bado limefungwa. Nikapanda lori nikiwa na furaha, mwanangu. Niliogopa tu kwamba huko uendako itakuuma."

"Iliniuma."

"Basi," alisema.

Damu ilikuwa inashuka kwenye mrija, haraka, na hakuna kati yetu aliyegusa kitu. Saa moja ilipotimia nilisoma sabini na mbili, nikaandika sabini na mbili.